Rufaa ya Magoti Mawili: Tathmini ya Huduma ya Fidia ya Ulemavu kwa Wanajeshi wa Zamani wa Marekani

Ningetakiwa kuipa kila hatua nyota hadi tano, ningeyapa nne mapitio ya ngazi ya juu, tatu dai la nyongeza, na moja tu uchunguzi wa kitabibu ambao njia hizo zote mbili huutegemea. Ninazungumzia utaratibu wa rufaa wa Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani, ambayo sisi tuliopita jeshini huiita VA, na hasa jinsi utaratibu huo unavyoyashughulikia magonjwa ya viungo: yabisi ya magoti, nyonga zilizochakaa, vifundo vya miguu vilivyoteguka na kupona vibaya. Nimeutumia kwa magoti yote mawili, kila goti kwa njia yake, na sasa kifundo cha mguu kimeingia katika njia ya tatu. Nawaandikia wenzangu wanaosoma Kiswahili kwa sababu tuko wengi kuliko watu wa nyumbani wanavyodhani. Mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016, uliwaruhusu wageni wenye lugha zilizohitajika kujiunga na jeshi la Marekani, na Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha hizo. Wengi walioingia wakati ule wameshatoka, na magoti yao sasa yameanza kudai deni.

Mimi nilikuwa dereva wa magari ya mizigo. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hufikiri kwamba dereva hukaa tu, lakini kila siku nilikuwa nikiruka kutoka kwenye kibanda cha lori kirefu kuliko mimi, nikiwa nimevaa fulana ya kuzuia risasi, na kutua kwenye changarawe. Goti la kulia niliumia mazoezini na jeraha hilo liliandikwa kwenye kumbukumbu za zahanati ya kambi. Goti la kushoto halikuwahi kuumia. Lilichoka kwa kuubeba uzito ambao mwenzake aliukataa. Nilipoomba fidia, goti la kulia lilikubaliwa kuwa liliharibika kutokana na utumishi wangu lakini likapewa asilimia sifuri, na la kushoto likakataliwa kabisa. Sifuri katika mfumo huu ni kukiri kwamba ugonjwa upo na kwamba chanzo chake ni jeshi, bila kulipa hata senti.

Chanzo cha sifuri hiyo kilikuwa uchunguzi. Siku hizi mara nyingi VA huwapa kampuni binafsi kandarasi ya kuwapima wadai, na kliniki niliyopelekwa, ambayo sitaitaja, ilinimaliza katika muda wa dakika kumi na moja. Mpimaji aliniuliza hali yangu, nikajibu kama nilivyolelewa. Kwetu mtu huamkiwa “hujambo” na kujibu “sijambo” hata kama amekesha na homa. Salamu ni salamu, na malalamiko huja baadaye, mwenyeji akishaketi na kuuliza mara ya pili. Mpimaji hakuuliza mara ya pili. Aliniambia nikunje goti, nikalikunja huku nikikaza meno kama nilivyofundishwa na mama yangu kwanza na sajenti baadaye, akapima pembe, akaandika nyuzi 115, na katika nafasi ya maumivu akaandika kwamba hayakuonekana. Ripoti ilisema pia kwamba mdai anaeleza kuwa anaendelea vizuri. “Sijambo” yangu ilikuwa imegeuka ushahidi dhidi yangu.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayo machache yalitosha kunipa sifuri, ni lazima msomaji alijue jedwali la viwango vya ulemavu, ambalo kwa maoni yangu ndilo sehemu ngumu kuliko zote katika huduma hii. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140. Kwa mujibu wa jedwali, goti linalokomea nyuzi 60 hupata asilimia sifuri, na ili upate asilimia 10 kwa kipimo hicho peke yake goti lisivuke nyuzi 45, asilimia 20 lisivuke 30, na asilimia 30 lisivuke 15. Mtu anapoketi kwenye kiti cha kawaida goti lake hukunjika karibu nyuzi 90. Maana yake ni kwamba mtu anayeweza kuketi kwenye kiti, lakini hawezi kuchuchumaa chooni kijijini kwao, wala kupiga magoti kanisani, wala kuketi tahiyatu msikitini, kwa jedwali hilo ni mzima. Walioliandika walikuwa na viti.

Hata hivyo kanuni hizo hizo zina mlango mwingine, na mlango huo ndio uliostahili kufunguliwa kwangu tangu mwanzo. Kifungu cha 4.59 cha kanuni za viwango kinataka kiungo chenye maumivu kinapotembezwa, kutokana na ugonjwa unaohusiana na utumishi, kipewe angalau kiwango cha chini kabisa kinacholipwa kwa kiungo hicho, hata kama pembe ya mkunjo haijafika pale jedwali linapotaka. Yabisi inayotokana na kuchakaa nayo ina nambari yake, 5003, inayodai kwamba ugonjwa uthibitishwe kwa eksirei, na ile inayotokana na jeraha ni nambari 5010. Kwa hiyo mtu mwenye eksirei inayoonyesha yabisi na ripoti inayokiri maumivu hatakiwi kuondoka na sifuri. Eksirei nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni neno “maumivu” katika ripoti ya dakika kumi na moja.

Mahakama zimelisema jambo hili mara nyingi kiasi kwamba ningetamani kila chumba cha uchunguzi kibandikwe muhtasari wake ukutani. Katika kesi ya DeLuca ya mwaka 1995, Mahakama ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani ilisisitiza kwamba kupima pembe hakutoshi, na kwamba mpimaji aeleze pia jinsi maumivu, udhaifu na uchovu vinavyopunguza matumizi ya kiungo. Katika kesi ya Correia ya mwaka 2016 ilitaka kiungo kipimwe mgonjwa akikikunja mwenyewe na mpimaji akimkunjia, kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakijabeba, na pale inapowezekana kilinganishwe na kiungo kizima cha upande wa pili. Katika kesi ya Sharp ya mwaka 2017 ilikataa desturi ya mpimaji kusema hawezi kukadiria hali ya vipindi vya kuchachamaa kwa sababu tu siku ya uchunguzi ugonjwa ulikuwa umetulia. Alipaswa kumuuliza mgonjwa vipindi hivyo huja mara ngapi, hudumu kwa muda gani na humzuia kufanya nini, kisha akadirie. Na mwaka 2018, katika kesi ya Saunders, iliyohusu magoti, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliamua kwamba maumivu yenyewe, yakipunguza uwezo wa mtu kufanya kazi, yanaweza kuwa ulemavu hata pasipo jina la ugonjwa lililothibitishwa. Mimi sikuulizwa hata swali moja kati ya hayo. Sikupimwa nikiwa nimesimama.

Nilipata nakala ya ripoti ya uchunguzi kabla ya kuamua la kufanya, na hilo ndilo ningemhimiza kila mdai alitangulize. Barua ya uamuzi hueleza matokeo, lakini ni ripoti inayoonyesha kosa liko wapi, na njia ya rufaa huchaguliwa kulingana na kosa lilipo. Sheria ya kuboresha rufaa, iliyotiwa saini mwezi Agosti 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, ilivunja foleni moja ndefu ya zamani na kuweka njia tatu. Ikiwa ushahidi uliokuwamo jaladani ulitosha na kosa ni la aliyeusoma au aliyeukusanya, unaomba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Ikiwa ushahidi wenyewe ulipungua, unaleta mpya kwa dai la nyongeza, fomu 20-0995. Na ikiwa unataka jaji, unakwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani kwa fomu 10182. Muda wa kuilinda tarehe ya dai la kwanza ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba masuala mawili yaliyomo katika barua moja yanaweza kupelekwa njia mbili tofauti. Goti la kulia lilikuwa tatizo la uchunguzi mbovu. Goti la kushoto lilikuwa tatizo la ushahidi usiokuwapo. Nikayatenganisha.

Mapitio ya ngazi ya juu yalinishangaza kwa wema wake. Afisa mwandamizi huliangalia jalada upya bila kufungwa na uamuzi wa kwanza, na mdai anaruhusiwa kuomba mazungumzo ya simu mara moja ili aonyeshe makosa. Hairuhusiwi kuleta ushahidi mpya, na mtu akijisahau akaanza kusimulia jambo ambalo halimo jaladani, simulizi hiyo haihesabiwi. Mwakilishi wangu, mzee mmoja wa shirika la kujitolea ambaye magoti yake yalikuwa mabaya kuliko yangu, alinikataza kabisa kuzungumzia mateso. “Sema ukurasa, sema kilichokosekana,” aliniambia, na simu nzima ilikuwa hivyo: ukurasa huu hauna kipimo cha kusimama, ukurasa huu hauna swali la vipindi vya kuchachamaa, eksirei ya mwaka fulani haikutajwa. Afisa alisikiliza, aliuliza maswali mawili ya maana, akakata simu kwa adabu. Uamuzi wake ulisema kwamba wajibu wa kumsaidia mdai haukutimizwa kwa kuwa uchunguzi haukutosha, na suala likarudishwa ili nipimwe upya.

Uchunguzi wa pili ulifanyika kwingine na ulichukua karibu saa nzima. Mama aliyenipima alinisalimia, nikasema sijambo, kisha akauliza, “Na goti?” Swali hilo la maneno mawili ndilo lililoniponyesha. Nilimweleza kwamba mara tatu au nne kwa mwezi goti huvimba kiasi cha kunizuia kushuka ngazi, kwamba hali hiyo hudumu siku mbili, na kwamba katika siku hizo mke wangu ndiye hunivalisha soksi. Maumivu yaliandikwa kuanzia nyuzi 95. Hata katika makadirio ya siku mbaya sikukaribia zile nyuzi 45 za jedwali, kwa hiyo asilimia 10 niliyopewa ilitoka katika kifungu cha maumivu, na ikahesabiwa kuanzia tarehe ya dai langu la kwanza kwa kuwa sikuacha mwaka upite. Nyota moja niliyoikata katika njia hii inatokana na urefu wa safari: VA hujiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa mapitio na kwa dai la nyongeza, lakini jalada likirudishwa kwa ajili ya uchunguzi mpya, kuna hatua nyingine nzima ya kusubiri baada ya hapo.

Goti la kushoto lilikuwa kesi ya lugha zaidi kuliko ya tiba. Kwa Kiswahili mzaha unajitokeza wenyewe: nilidai fidia ya kiungo, nikaambiwa kinachokosekana ni kiungo, yaani maelezo ya daktari yanayounganisha ugonjwa na utumishi. Kanuni, katika kifungu cha 3.310, zinakubali ulemavu uliosababishwa au kuzidishwa na ulemavu mwingine ambao tayari umetambuliwa, lakini lazima mtaalamu aseme hivyo na aeleze sababu. Daktari wangu wa mifupa alikuwa ameshaniambia mara nyingi kwamba goti la kushoto limeharibika kwa sababu nachechemea, ila katika maandishi yake alikuwa ameandika tu kwamba huenda kuna uhusiano. “Huenda” ni neno la kumfariji mgonjwa. Kwa mwamuzi halina uzito. Kinachotakiwa ni daktari aseme kwamba uwezekano wa uhusiano huo haupungui nusu, aonyeshe kwamba ameyasoma mafaili, na aeleze ni kwa njia gani mguu mmoja umeuumiza mwingine. Alipoelewa hivyo aliandika kurasa mbili nzuri, akitaja kumbukumbu za mtaalamu wa mazoezi ya viungo zilizoeleza mwendo wangu kwa miaka minne mfululizo. Nusu inatosha kwa sababu sheria inaagiza kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, mwanajeshi apewe ushindi. Ni kanuni ya ukarimu ambayo mahakama nyingi za kawaida hazina, na ni haki kuisifu.

Pamoja na barua hiyo niliweka taarifa ya mke wangu kwenye fomu 21-10210. Wapo wanaodharau ushahidi wa jamaa, na sijui kwa nini, kwa kuwa mahakama zimekubali tangu zamani kwamba mtu asiye daktari anaweza kushuhudia anachokiona kwa macho yake. Hakuandika kwamba nina yabisi, kwani hilo si lake kusema. Aliandika kwamba tangu tuoane nashuka ngazi nikitanguliza mguu uleule, kama mtoto anayejifunza, na kwamba siku za arusi za ndugu zake huniwekea kiti nje ili nisilazimike kuketi mkekani na wanaume wengine. Dai la nyongeza lilikubaliwa, asilimia 10. Nalipa nyota tatu na si zaidi kwa sababu mzigo wa kupata barua ya daktari humwangukia mdai, na daktari wa binafsi anaweza kudai malipo makubwa kwa barua kama hiyo. Aliyezoea kuombewa harambee ataelewa. Mtu mmoja mwenye mshahara wa mfanyakazi wa ghala hawezi kila mara.

Kwa hiyo nimefika asilimia ngapi? Hapa VA wana hesabu yao. Asilimia 10 ya pili hutolewa katika mwili uliobaki na si katika mwili mzima, hivyo 10 na 10 huwa 19. Kwa sababu ni viungo viwili vya pande mbili za mwili, huongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 19, tunapata 20.9, inakuwa 21, kisha huzungushwa hadi kumi iliyo karibu, yaani 20. Shemeji yangu, ambaye ni mhasibu, aliniuliza ile nyongeza ilisaidia nini ikiwa 19 nayo ingezungushwa kuwa 20, na sikuwa na jibu. Mwaka 2025 asilimia 20 ililipwa dola 346.95 kwa mwezi, bila kodi. Nyongeza ya mke na watoto huanzia asilimia 30. Ni pesa ya kodi ya nyumba ya siku chache katika mji ninaoishi, lakini ni karo ya maana kule Machakos, na fidia hii haisimami mtu akirudi kuishi nyumbani.

Kuhusu wasaidizi nitakuwa mfupi kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Mashirika ya wanajeshi wa zamani kama DAV, American Legion na VFW huwakilisha wadai bila malipo yoyote. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kutoza ada baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, si kabla, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo ya fidia ndiyo huchukuliwa kuwa ya haki, ilhali inayozidi theluthi moja huchukuliwa kuwa kubwa mno. Katika makundi yetu ya WhatsApp hupita matangazo ya watu wanaoahidi asilimia mia kwa malipo ya miezi kadhaa ya fidia. Waulizwe nambari ya idhini yao kwanza, na wakianza kuzungukazunguka, mazungumzo yaishie hapo.

Kuna ushauri mmoja ambao ulichelewa kwangu lakini unaweza kumfaa anayetoka jeshini mwaka huu. Yabisi iko katika orodha ya magonjwa sugu ambayo, yakijitokeza kwa kiwango cha angalau asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, huhesabiwa kuwa yalitokana na utumishi bila mdai kuhitaji ile barua ya kuunganisha, maadamu alitumikia angalau siku 90. Kiungo kikiuma, eksirei ipigwe kabla mwaka huo haujaisha. Mimi niliipiga ya kwanza baada ya miaka mitatu, kwa sababu nilikuwa bado najikaza.

Njia ya tatu, ya Bodi, siwezi kuitathmini kikamilifu kwa kuwa bado niko ndani yake. Ina foleni tatu: ya kuamuliwa kwa jalada lilivyo, ambayo Bodi imejiwekea lengo la siku 365, ya kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, na ya kusikilizwa na jaji, ambayo huwa ndefu zaidi. Kifundo changu cha mguu wa kulia kiliteguka katika safari ya usiku ambayo haina maandishi yoyote, kwa hiyo nimechagua kusikilizwa kwa video, nikiamini kwamba jaji ataweza kuupima ushuhuda wangu na wa mwenzangu tuliyekuwa naye ndani ya lori lile. Bodi ikikataa, nitakuwa na siku 120 za kwenda mahakamani, au nitarudi na ushahidi mpya. Wakili mmoja aliniambia kwamba foleni ya jalada ingenifaa kwa haraka; huenda kweli, ila jalada langu kuhusu kifundo hiki lina kurasa mbili tu, na zote mbili nimeziandika mimi. Nafasi ya nyota za Bodi nimeiacha wazi hadi uamuzi utakapotoka.